Kupima upolarishaji wa muoni kwa sahani ya shaba: mwongozo kamili kwa maabara za Unguja na Pemba

Muoni ni chembe inayofanana na elektroni lakini nzito zaidi, na spini yake ni kama mzunguko wa ndani wenye mwelekeo. Hakuna kifaa kinachoweza kusoma spini ya muoni moja ikipita. Kinachosomeka ni umati: muoni elfu nyingi zinasimamishwa ndani ya sahani ya shaba, kila moja inavunjika kwa wakati wake, na positroni zinazotoka (yaani elektroni zenye chaji chanya) zinahesabiwa juu na chini ya sahani. Hesabu za pande mbili zikipishana kwa utaratibu maalumu, upishano huo umebeba habari ya spini. Katika mwongozo huu nitauita mwegemeo, kwa alama ya A.

Mwegemeo si upolarishaji, yaani P, kiasi ambacho spini za muoni zimeelekea upande mmoja: 0 zikiwa ovyo, 1 zikiwa zote pamoja. Hili nalisema mapema kwa sababu ndipo kazi nyingi za wanafunzi zinapoishia: wanapata A, wanafurahi, wanaandika kuwa ndiyo P. Kati ya A na P kuna ugumu wa aina mbili. Kwanza uhakikishe kuwa mwegemeo umetoka kwenye spini, haukutoka kwenye vifaa. Pili ujue A igawanywe kwa ngapi.

Hatuhitaji kiongeza kasi ili kuanza. Usawa wa bahari, kila sentimita ya mraba iliyolala hupitiwa na takribani muoni 1 kwa dakika, usiku na mchana, uwe Tunguu, Bweleo au Mchangamdogo. Muoni hizo zinatoka angani zikiwa zimepolarishwa tayari. Anayeijua kazi hii mezani hatapotea siku atakapofika kwenye mwale wa muoni wa Villigen, Uswisi, au wa Vancouver, Kanada, kwani mantiki ni ileile.

Fizikia ya kuishika kwanza

Muoni chanya huzaliwa pioni, chembe ya muda mfupi, inapovunjika kuwa muoni na nyutrino, chembe nyepesi mno isiyo na chaji. Pioni haina spini. Spini ya nyutrino siku zote imeelekea kinyume na mwendo wake, kwa hiyo muoni inayoruka upande wa pili nayo lazima ibebe spini iliyopinga mwendo wake, ili jumla ibaki sifuri. Ukiitazama pioni ikiwa imetulia, kila muoni chanya imepolarishwa asilimia 100.

Sisi tuliopo ardhini tunapokea muoni za pioni zilizokuwa zikikimbia, na pioni za nishati ndogo ni nyingi kuliko za nishati kubwa. Chagua muoni za nishati moja: nyingi zilirushwa mbele na pioni za nishati ndogo, na chache zilirushwa nyuma na pioni za nishati kubwa. Za kwanza zina spini inayopinga mwendo. Za pili, kwa kuwa kasi ya pioni imezigeuza zije huku, spini yao inafuata mwendo. Makundi haya yakichanganyika yanafutana kwa sehemu, na kinachosalia ni upolarishaji wa karibu 0.3. Muoni chanya inayoshuka basi ina mwelekeo wa kubeba spini inayotazama juu.

Muoni huishi kwa wastani wa maikrosekunde 2.197, kisha hutoa positroni na nyutrino mbili. Positroni hupendelea kutoka upande wa spini. Tukiiandika x kuwa nishati ya positroni ikigawanywa kwa kiwango chake cha juu, ambacho ni MeV 52.8 (MeV 1 ni elektronivolti milioni, kipimo cha nishati), uwezekano wa kutoka kwa pembe θ kutoka kwenye spini unafuata

x²[(3 − 2x) + P(2x − 1)cosθ]

Isome fomula hii taratibu. Positroni yenye nishati ya juu kabisa, x ikiwa 1, inaifuata spini kwa nguvu zote. Iliyo chini ya nusu inaegemea upande wa pili, kwa udhaifu. Ukijumlisha nishati zote, kinachobaki ni 1 + (P/3)cosθ. Theluthi hiyo ndiyo waliyoiona Garwin, Lederman na Weinrich mwaka 1957 kwenye saiklotroni (aina ya kiongeza kasi) ya Nevis ya Chuo Kikuu cha Columbia, walipozisimamisha muoni ndani ya kaboni na kuzungusha spini zao kwa uga wa sumaku. Jaribio moja lilitoa ushahidi kwamba usawa wa kushoto na kulia unavunjika, likathibitisha kuwa mwale umepolarishwa, na likapima nguvu ya sumaku ya muoni. Sisi tutatumia mbinu yao.

Kuhusu uga: spini ndani ya uga wa sumaku huyumba kama pia ya watoto inayozunguka huku kichwa chake kikichora duara. Kwa muoni, mizunguko ya kichwa hicho ni milioni 135.5 kwa sekunde kwa kila tesla 1, kipimo cha nguvu ya uga. Katika militesla 4 inakuwa takribani 542,000 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja kila maikrosekunde 1.85. Muda huo unakaribiana na maisha ya muoni, na ndiyo sababu militesla 4 inatufaa: muoni za kutosha zinabaki hai kuonesha mawimbi mawili au matatu yaliyo wazi.

Chumba

Kama unaruhusiwa kuchagua, tafuta chumba kisicho na nondo nyingi. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, ni nzuri kuliko majengo mapya ya zege, hasa utakapopima bila kuwasha koili. Meza iwe ya mbao. Meza ya chuma itapotosha uga pale unapotaka uwe sawasawa.

Kuta nene za matumbawe hazitakuharibia kazi. Muoni zinazofika usawa wa bahari zina nishati ya wastani wa GeV 4 (GeV 1 ni MeV 1,000), na kilichopo juu ya dari ni kidogo mbele yake.

Jambo linalohusu latitudo yetu: karibu na ikweta uga wa dunia huzuia chembe nyingi za nishati ndogo zisiingie angani, hivyo muoni tunazopata ni pungufu kidogo kuliko wanazopata walio kaskazini ya mbali. Tena, chembe za awali, zile zinazotoka anga za mbali na kuzaa pioni na muoni, nyingi zina chaji chanya, kwa hiyo zinazokuja kutoka magharibi, upande wa Bara, ni nyingi kuliko zinazokuja kutoka mashariki, upande wa bahari kuu. Bruno Rossi alikwenda Asmara, Eritrea, mwaka 1933 kulipima jambo hilo hilo. Kwa kifaa chetu maana yake ni hii: kilaze sawasawa kwa pimamaji, wala usikiinamishe kuelekea upande wowote.

Shaba na vigunduzi

Tumia shaba nyekundu, sentimita 30 kwa 60, unene sentimita 2. Ina uzito wa kilo 32 hivi, basi beba na mwenzio. Inaweza kuwa vipande vilivyopangwa. Pitisha sumaku juu ya kila kipande. Kikivutwa, kina chuma, kiache.

Kwa nini shaba? Kuna sababu mbili. Katika metali muoni chanya haipati nafasi ya kushikamana na elektroni na kujenga atomi ndogo ya muonio, ambayo ndani ya baadhi ya vitu vigumu visivyo metali, maji na plastiki nyingi hupoteza sehemu ya upolarishaji. Sababu ya pili ni muoni hasi. Hizi zipo angani kwa wingi unaokaribia chanya, na zikisimama huingia kwenye mizingo ya atomi, zikapoteza sehemu kubwa ya upolarishaji wao. Ndani ya shaba kiini huzimeza haraka: maisha yao hushuka hadi maikrosekunde 0.164. Ukiipuuza maikrosekunde ya kwanza ya data, zinabaki chini ya asilimia 0.3, huku asilimia 63 ya muoni chanya zikiwa bado hai. Aluminiamu ni rahisi zaidi kununua, lakini humo muoni hasi huishi maikrosekunde 0.864 na zitakusumbua hadi katikati ya grafu. Chuma usikiguse kabisa, kwani uga wake wa ndani utavuruga spini.

Vigunduzi ni mabamba manne ya plastiki ya sintileta, inayomweka mwanga chembe ikiipita. Namba 1 na 2 ziwe juu ya shaba, 3 na 4 chini yake, na mabamba yaizidi shaba kidogo kila upande. Kila bamba lifungwe kwa karatasi ya foili kisha plastiki nyeusi na utepe mweusi, tabaka mbili. Jua la hapa linapenya tundu la sindano. Jaribu kwa kumulika tochi kwenye kila mshono huku ukitazama osiloskopu. Mapigo yakiongezeka, funga tena.

Kusoma mwanga, chagua vihisi vya silikoni kuliko mirija ya fotomaltiplaya (mirija ya utupu inayokuza mwanga hafifu kuwa pigo la umeme). Mirija hubadilika uwezo ikikaribia uga wa sumaku, na koili yetu, ile ya waya itakayotoa uga, ipo karibu mno na hapo. Ikiwa una mirija tu, ivishe ngao ya chuma laini na uisogeze mbali kwa vipande virefu vya kupitishia mwanga.

Mabamba mawili kila upande si anasa. Kupitia shaba yote hupita muoni 30 hivi kwa sekunde, na zinazosimama ndani yake ni chini ya moja kwa mia. Kigunduzi kimoja tu kwa chini, kikikosa mara 1 kati ya 100, kingekudanganya: muoni zilizopita wazi zingehesabiwa kuwa zimesimama, kwa idadi sawa na zilizosimama kweli. Viwili pamoja vinakosa mara 1 kati ya 10,000. Kuna hatari nyingine kwa juu. Kigunduzi kilichopigwa na muoni kinaweza kutoa pigo la uongo maikrosekunde chache baadaye, na pigo hilo lingeonekana kama positroni iliyopanda. Vya chini havikupigwa, kwa hiyo havina uongo huo. Hapo umezaliwa mwegemeo wa juu usiohusiana na spini hata chembe. Ukidai vigunduzi 1 na 2 vipige pamoja ndipo uhesabu positroni ya juu, uongo huo karibu wote unaisha.

Koili

Mpelekee fundi wa kusuka mota. Anajua kazi hii kuliko mhitimu wa fizikia. Anahitaji waya wa shaba wenye vanishi, milimita 1, asuke safu moja iliyobanana kuizunguka shaba kwa urefu wake wote wa sentimita 60, juu ya fremu ya mbao au plastiki. Waya wa milimita 1 ukibanana hutoa mizunguko 1,000 kwa mita, na ampea 3.2 zitakupa militesla 4. Uga utalala kwenye urefu wa sahani, sambamba na sakafu, ukikata spini kwa pembe mraba. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: uga uliosimama wima usingeizungusha spini inayotazama juu.

Fremu ikiwa na upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 4, utatumia waya wa mita 408 hivi, ukinzani ohmu 8.7, volti 28, na joto la wati 89. Joto hilo si dogo ndani ya chumba cha mwezi wa Februari. Acha nafasi ya sentimita 2 kati ya koili na sintileta, weka feni ndogo, na tumia chanzo cha umeme kinachoshikilia mkondo, kisiwe kinachoshikilia volti. Shaba ikipata joto la ziada la digrii 20, ukinzani hupanda kwa karibu asilimia 8, na chanzo cha volti kingeshusha uga kwa kiasi hicho bila wewe kujua. Matumizi ni uniti 2 na kidogo kwa siku.

Pima uga kwa kihisi cha Hall (kihisi kidogo cha kupimia uga wa sumaku) katika sehemu nyingi za ndani ya fremu kabla ya kuingiza shaba. Miishoni uga hupungua, na hilo liandike kwenye daftari. Uga wa dunia ni mdogo kuliko huu kwa zaidi ya mara mia, hautusumbui.

Triga, saa na kukusanya

Kanuni ya kuanza, yaani triga: 1 na 2 vipige pamoja, 3 na 4 vinyamaze. Saa inaanza kuhesabu. Ndani ya maikrosekunde 20 zinazofuata, 1 na 2 vikipiga tena pamoja, andika muda na herufi J. 3 na 4 vikipiga pamoja, andika muda na herufi C. Pasipotokea kitu, futa na ungoje. Saa ya nanosekunde 20 kwa hatua inatosha, hata kadi za kielektroniki za bei nafuu zinaiweza.

Hifadhi faili kila dakika na uweke betri ya akiba kwa kompyuta na kadi. Umeme ukikatika, koili itazima huku vigunduzi vikiendelea, basi mkondo wa koili urekodiwe pamoja na kila tukio ili data zisichanganyike. Rekodi pia joto, unyevu na kanieneo ya hewa. Kanieneo ikipanda, muoni hupungua kidogo, na hapa kwetu inapanda na kushuka mara mbili kila siku, ikifika kileleni karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Hewa ya chumvi huharibu viunganishi vya shaba upesi, hasa wakati wa kusi. Pakiti za silika na kufuta kila baada ya muda vinasaidia sana.

Kaa muda gani? Kosa la takwimu kwenye A ni mzizi wa 2/N, N ikiwa jumla ya positroni ulizozitumia. Mwegemeo unaotarajiwa baada ya jometri ni kama 0.05. Kwa N ya 20,000 kosa ni 0.01, unauona lakini kwa shida. Kwa 80,000 ni 0.005, na hapo unaweza kusema neno. Panga wiki kadhaa, ukigeuza mwelekeo wa mkondo kila siku na kuuzima kabisa siku moja kila wiki.

Kutoka hesabu hadi A

Chora histogramu mbili za muda, J na C, kuanzia maikrosekunde 1. Zote zitashuka kwa maisha ya 2.197, juu ya sakafu tambarare ya matukio ya bahati. Itafute sakafu hiyo mwishoni mwa dirisha, kati ya 15 na 20, uitoe. Kisha unda

a(t) = (J − kC)/(J + kC)

ambapo k inarekebisha tofauti ya uwezo wa juu na chini. Hapa ndipo uga unapotulinda. Mwegemeo wa vifaa hautegemei muda. Mwegemeo wa spini unazunguka. Chagua k inayofanya wastani wa a(t) juu ya mizunguko kamili uwe sifuri, na kilichobaki kiwe A cos(ωt + φ). Achia A, ω (kasi ya mzunguko) na φ (pembe ya kuanzia) zitafutwe na programu.

Kabla ya kuitazama A, itazame ω. Ikigawanywa kwa 2π lazima ikubaliane na 135.5 MHz (mizunguko milioni kwa sekunde) kwa tesla mara uga uliopima. Isipokubaliana, ulichokiona si muoni, ni kelele, na hakuna haja ya kuendelea. Kisha tazama φ: ukigeuza mkondo, alama ya φ igeuke na A ibaki. Mwisho, data za siku za koili kuzimwa zisioneshe wimbi lolote.

Igawanywe kwa ngapi

Sasa kazi yenyewe. Tunataka P = A/S, S ikiwa mwegemeo ambao kifaa chako kingeuonesha kama kila muoni ingekuwa imepolarishwa kikamilifu. S si theluthi. Inashushwa na kuinuliwa na mambo yanayopingana, na yote yahesabiwe pamoja kwa programu ya nasibu. Mwenye kompyuta nzuri atumie Geant4, programu ya kuiga safari ya chembe ndani ya vitu; asiye nayo anaweza kuandika yake kwa Python.

Chora kwa nasibu muoni inayoshuka kwa pembe inayofuata mraba wa kosaini kutoka wima, spini yake ikiwa imepinga mwendo. Isimamishe popote ndani ya shaba. Mpe positroni x na θ kwa fomula ya hapo juu, P ikiwa 1. Ifuate itoke: inapoteza karibu MeV 13 kwa kila sentimita ya shaba, pamoja na inachotoa kama miale ya gama, kwani urefu wa mionzi wa shaba ni sentimita 1.43 tu. Ikifika kwenye vigunduzi viwili vya upande mmoja, ihesabu.

Utaona mambo mawili. Muoni zilizokuja mshazari zinashusha S, na positroni zilizotoka pembeni pia. Shaba nayo inainua S, kwa sababu inazizuia positroni dhaifu, zile zenye x chini ya nusu zinazoegemea upande usiotakiwa. Sahani nene kwa hiyo hutoa mwegemeo mkubwa lakini positroni chache. Rudia hesabu kwa unene wa 1.8 na 2.2, kwa kizingiti cha vigunduzi kilichopandishwa na kushushwa asilimia 10, kwa uga unaopungua miishoni. Kiasi S inachobadilika ndicho kosa lako la kimfumo. Liandike kando na lile la takwimu, usiyachanganye.

P ikitoka karibu na 0.3, umeipata. Ikitoka 0.1, tafuta iliko sumaku au chuma kilichojificha. Ikizidi 0.6, hesabu yako ya S ina kasoro.

Kwenye mwale wa kiongeza kasi

Mwale wa uso, unaotumika Villigen, Vancouver, Tokai na ISIS Uingereza, hutoka kwenye pioni zilizotulia kwenye ngozi ya shabaha. Muoni zake zina kasimwendo ya MeV/c 29.8 na upolarishaji unaokaribia asilimia 100. Hapo unasimamisha muoni kwenye sahani ya fedha, ambayo haiharibu spini, unaweka uga wa militesla 2 uliokatiza, na kutafuta k na A kama tulivyofanya hapa. Matukio ya wiki zetu yanakusanywa kwa muda mfupi mno. Hivyo P ikishajulikana, kazi hugeuka: badala ya kupima mwale, wanapima kinachoipata spini ndani ya sampuli.

Kwa nishati kubwa muoni haisimami kirahisi. Katika mwale wa GeV 160 uliotumiwa na jaribio la COMPASS huko CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva, upolarishaji wa karibu asilimia 80 unatokana na kuchagua muoni zilizorushwa mbele na pioni za nishati iliyojulikana. Majaribio ya SMC, yaliyotangulia hapo hapo CERN, yaliupima upolarishaji wa mwale wake kwa njia mbili: umbo la spektra ya positroni za muoni zinazovunjika njiani, na tofauti ya kutawanyika kwa muoni kwenye elektroni zilizopolarishwa, spini zikiwa sambamba kisha kinyume. Njia ya kwanza inategemea fomula ileile ya x na θ. Ya pili haihusiani nayo kabisa, na kwa hiyo makosa ya moja hayawezi kujificha ndani ya nyingine. Kwa kifaa chetu cha shaba tunaweza kuiga wazo hilo: rudia kipimo kwa sahani ya aluminiamu, yenye S tofauti na muoni hasi zinazoishi zaidi, uone kama P inarudi pale pale.